Siti binti Saad Alimaliza Lini?

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mapenzi makubwa na mianzo. Tuulize riwaya ya Kiswahili ilianzia wapi, tutakesha tukibishana. Tuulize taarab iliingiaje Unguja, hata yule aliyekuwa anasinzia nyuma ya darasa atanyanyua mkono akutajie Sultani Barghash na wanamuziki wa Misri. Lakini hebu geuza swali. Uliza msanii fulani aliacha lini kuimba mbele za watu. Darasa litanyamaza, na atakayejibu atakupa tarehe ya kifo, kana kwamba kufa na kuacha kuimba ni kitu kimoja.

Makala haya yanamhusu Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa 1880 na kufariki tarehe 8 Julai 1950. Habari za mwanzo wake tunazijua karibu wote: msichana wa Fumba, muuza vyungu, akaja mjini, akawa sauti ya kwanza ya mwanamke wa Afrika Mashariki kuingia kwenye santuri. Mimi nataka kuufuata mwisho wake. Hoja yangu ni kwamba mwisho wa msanii wa jukwaani haupimwi kwa kumtazama msanii peke yake. Hupimwa kwa kuitazama hadhira yake. Siti alikuwa na hadhira zaidi ya moja, na kila hadhira ilikuwa na mwisho wake na sababu zake. Tukizikunja zote ndani ya tarehe moja ya kifo tunaifuta historia, kisha tunajisifu kwamba tumeiandika.

Najua wapo watakaocheka. Mimi ni mtoto wa Bariadi, mkoa wa Simiyu, huko kwenye pamba na ng'ombe. Kwetu taarab tuliisikia redioni. Sasa mtu wa bara kama mimi ana ubavu gani wa kumsemea Siti? Jibu langu la kwanza ni kwamba baba yake Siti asili yake ilikuwa Unyamwezini, na mama yake Mzigua, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Wanyamwezi na sisi Wasukuma ni majirani ambao lugha zetu zinasikilizana. Jibu la pili ni kubwa zaidi. Kule kwetu tunacho kipimo cha mwisho wa msanii ambacho sijakiona katika vitabu vya uhakiki tunavyosoma, na ndicho nitakachokitumia hapa.

Tarehe nne za Ellen Terry

Tuanze mbali kidogo ili tukirudi tuone vizuri. Katika Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala toka 1837 hadi 1901, waigizaji wa kike walikuwa watu wa kuandikwa sana. Palikuwa na matangazo ya maonyesho yaliyochapwa, palikuwa na magazeti yenye wahakiki wa kila wiki, palikuwa na barua na picha. Mtu anayetaka kujua mwigizaji fulani aliacha lini jukwaa anakwenda kwenye makaratasi hayo, anafuata jina mpaka linapopotea.

Mchukue Ellen Terry. Alizaliwa 1847, akapanda jukwaani 1856 akiwa mtoto wa miaka tisa katika tamthilia ya Shakespeare. Kuanzia 1878 alikuwa mwigizaji mkuu wa kike wa Henry Irving katika ukumbi wa Lyceum, London, na ushirikiano huo ukafika ukingoni 1902. Mwaka 1906 wakamfanyia sherehe kubwa katika ukumbi wa Drury Lane kwa kutimiza miaka 50 ya jukwaa. Ungedhani sherehe ya namna hiyo ndiyo kuaga. Wapi! Aliendelea kuonekana huku macho yakififia na maneno ya tamthilia yakianza kumtoka kichwani. Mara ya mwisho kabisa kuigiza ilikuwa 1925. Akafariki Julai 1928.

Tazama basi: 1902, 1906, 1925, 1928. Tarehe nne, zote za kweli, na kila moja inadai kuwa ndiyo mwisho. Ile ya 1902 ni mwisho wa hadhira ya Lyceum, watu waliozoea kumwona na Irving. Ile ya 1906 ni mwisho rasmi, ambao taifa lilimpa shukrani. Ile ya 1925 ni mwisho wa mwili wake jukwaani. Ile ya 1928 ni mwisho wa uhai. Kwa hiyo hata mahali penye makaratasi tele, swali "alimaliza lini?" halina jibu moja. Linadai swali lingine kwanza: kwa nani?

Huo mwaka 1928 uweke akilini, tutaurudia.

Kipimo cha Bariadi

Sasa twende Usukumani. Baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, ndiyo majira ya mbina, yaani ngoma za mashindano. Jadi ya mashindano hayo imegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, ambazo wazee wanasimulia kwamba zilianzishwa katika karne ya 19 na mabingwa wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha. Mpaka leo kijiji kizima kinaweza kugawanyika kwa majina hayo, kaka huku na dada kule.

Jambo la muhimu kwa hoja yangu ni namna ya kumpata mshindi. Makundi mawili hayachezi kwa zamu mbele ya waamuzi waliokaa mezani na kalamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, yakiwa yameachana kwa hatua kadhaa. Watu wako huru. Wakivutiwa na huku wanakuja huku, wakichoka wanakimbilia kule. Ndiyo maana kila kundi linahangaika na mbinu zake: wengine wanaleta chatu, wengine fisi, wengine vinyago vinavyochezeshwa, na kila manju ana dawa yake ya mvuto. Mwisho wa yote wanatazama umati umeegemea wapi. Wenye umati mkubwa ndio walioshinda. Basi, hakuna rufaa.

Maana yake ni nini kinadharia? Ni kwamba katika fasihi simulizi ya kwetu, hadhira haiko nje ya kazi ya sanaa ikiisubiri. Miguu ya watazamaji ni sehemu ya maandishi, kama tukiruhusiwa kusema hivyo. Tunapofundishwa kwamba hadhira ya fasihi simulizi "hushiriki", mara nyingi tunataja makofi, vibwagizo na vigelegele. Kushiriki kukubwa kuliko kote ni kuondoka. Umati unapohama, manju amekwisha kwa siku ile, hata kama sauti yake bado iko juu.

Likizo iliyopita nilimuuliza mama mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye zamani alikuwa anaongoza nyimbo za wanawake katika mbina. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, siku hizi anauza michembe gulioni. Nilitaka anitajie mwaka alioacha. Hakutaja mwaka. Alisema aliimba mara ya mwisho majira ya kabla ya mvua zile za elinino, ambazo sote tunajua zilikuwa za 1997 na 1998. Nikamwuliza kama alichoka. Akanicheka sana. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuchoka. Pamba haikulipa, watu hawakuwa na cha kutunza. Wanaume wakaenda mjini na kwenye machimbo. Ungemwimbia nani?"

Jibu hilo nililiandika pembeni ya daftari langu la nadharia. Mama yule yu hai, ana nguvu, na sauti anayo. Nilimsikia akinadi michembe yake. Kwa kipimo cha tarehe ya kifo hajamaliza. Kwa kipimo cha uwanja alimaliza miaka mingi iliyopita, na sababu haikuwa uzee. Sababu ilikuwa bei ya zao.

Siti na hadhira zake tatu

Tukichukua kipimo hicho tukakipeleka Unguja, tunapata Siti mwingine kabisa.

Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji, akaitwa Mtumwa. Jina hilo peke yake ni hati ya historia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria 1897, binti huyu akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Mwaka 1890 Uingereza ilikuwa imeshaitangaza Unguja kuwa nchi iliyo chini ya himaya yake. Kwa hiyo naye, kama Ellen Terry, ni mtu wa enzi ya Malkia Victoria. Tofauti ni kwamba mmoja aliiona enzi hiyo kutoka juu ya jukwaa na mwingine aliiona kutoka chini ya mzigo wa vyungu.

Alikuwa mfinyanzi. Alitembea kwa miguu kuuza vyungu, akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo ikamtangulia. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin, aliyekuwa mtu wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa 1905. Wakati huo taarab ilikuwa mambo ya wanaume, ya majumba makubwa, na kwa kiasi kikubwa ya Kiarabu. Siti akaimba Kiswahili. Na yule aliyeitwa Mtumwa sasa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Wenye kijicho hawakukaa kimya: walimtungia wimbo wa kumdhihaki kwa ushamba wake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi ya mabingwa. Sisi wa mbina tunaielewa lugha hiyo.

Sasa hadhira zake. Mimi naziona tatu.

Ya kwanza ni hadhira ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokaa wafanyakazi, wachukuzi, wapagazi, waliokuwa watumwa na watoto wao. Nyumba ya Siti ilikuwa huko. Yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban, walikuwa wanakusanyika hapo usiku kufanya mazoezi na kuimba, na majirani wanajaa. Nyimbo za hapo zilikuwa gazeti la watu wasio na gazeti. Wimbo mashuhuri wa Kijiti, kwa mfano, ulitokana na mauaji ya mwanamke mgeni. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Hapo unaona mahakama ya mkoloni ikihukumiwa na mahakama ya Ng'ambo.

Ya pili ni hadhira ya wenye nafasi: harusi za matajiri, majumba ya Waarabu na Wahindi, mpaka kasri la Sultani Khalifa bin Harub. Hii ndiyo iliyotoa tunzo kubwa, na ndiyo iliyomfanya mtu wa Fumba apite mlango wa mbele.

Ya tatu ni hadhira ya santuri. Mwaka 1928, mwaka uleule Ellen Terry alipofariki, Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Hadhira hii hakuiona kwa macho. Ilikuwa Mombasa, ilikuwa Dar es Salaam, ilikuwa mahali popote palipokuwa na mtu mwenye gramafoni na jirani asiye nayo. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba dakika tatu hivi, ukizidi sana nne. Wimbo ulioweza kuchukua sehemu nzuri ya usiku kule Ng'ambo ukabanwa humo. Kile tunachokisikia leo na kukiita "Siti" ni kipande kilichokatwa kwa kipimo cha sahani.

Miisho mitatu

Hadhira ya mwisho kuja ndiyo ya kwanza kuondoka. Mdororo mkuu wa uchumi wa dunia ulianza 1929. Bei ya karafuu ikaporomoka, na mkulima asiyeuza karafuu hanunui santuri. Mwaka 1931 kampuni yenye chapa ile ya His Master's Voice ikaungana na mshindani wake Columbia kuwa EMI, kila mmoja akiokoa nafsi yake. Ile kasi ya kurekodi Kiswahili iliyoanza 1928 ikapoa, na haikurudi kwa nguvu hadi miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Huo ndio mwisho wa kwanza wa Siti. Alikuwa na miaka 51 hivi, sauti anayo, bendi anayo. Mtaji ndio uliofunga virago. Utaona hapa yule mama wa michembe na Siti wamekutana: mmoja pamba, mwingine karafuu.

Mwisho wa pili ni wa polepole na una utata zaidi. Katika miaka ya 1930 sinema za Kimisri zenye nyimbo zilianza kuvuma. Muhammad Abdel Wahab alitoka na sinema yake ya kwanza 1933, Umm Kulthum akafuata 1936. Masikio ya wapenda taarab wa pwani yakazoea vyombo vingi, fidla kwa safu, na mtindo mpya wa Cairo. Bendi ndogo ya watu wachache waliokaa mkekani ikaanza kuonekana ya zamani. Hapa hakuna aliyemfukuza Siti. Ni umati tu umeanza kuegemea upande wa pili wa uwanja, kama kwenye mbina. Wahakiki wanapenda kusema "ladha ilibadilika", wakaishia hapo. Lakini ladha haibadiliki yenyewe. Hubebwa na sinema, na sinema hubebwa na biashara.

Mwisho wa tatu, ule wa Ng'ambo, ndio unaonitia wasiwasi kuuita mwisho. Hadhira hii haikuwa imenunua tiketi wala sahani, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kuacha kununua. Iligawanyika na kurithiwa. Wanawake wakaunda vikundi vyao vya taarab, wakashindana kwa mafumbo na vijembe. Bi Kidude, aliyekua akimsikiliza Siti, akazichukua nyimbo zake akaenda nazo mpaka majukwaa ya Ulaya, akazipiga muhuri wa sauti yake hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Kwa kipimo cha uwanja, umati wa Ng'ambo haukuhama. Ulibadilisha manju.

Na kuna jambo moja la kuumiza. Siti alifariki Julai 1950. Mwaka uliofuata, 1951, Sauti ya Unguja ikaanza kurusha matangazo, na Dar es Salaam nayo ikapata redio yake mwaka huohuo. Chombo ambacho kingempa hadhira ya nne kilifika mwaka mmoja baada ya mazishi. Mwaka huohuo wa 1950 Hugh Tracey alikuwa anazunguka Tanganyika na mashine yake akirekodi muziki wa makabila, Wanyamwezi wakiwamo. Watu wa upande wa baba yake Siti walikuwa wanaingia kwenye mashine wakati yeye anaingia kaburini.

Wasifu kama mwisho

Kama mambo ndiyo hayo, kwa nini basi sote tunaimaliza habari ya Siti kwa kifo? Nadhani tumefundishwa hivyo na kitabu kimoja, na ni kitabu kizuri. Shaaban Robert alikutana na Siti katika siku zake za mwisho, akachukua habari zake, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa 1958. Karibu kila anayemwandika Siti kwa Kiswahili anapita mlango huo.

Lakini mhakiki lazima aulize: huu ni utanzu gani? Neno wasifu na neno sifa yametoka shina moja la Kiarabu. Kuandika wasifu, kwa Shaaban, ni kumtoa mtu awe kielelezo. Tukumbuke alikuwa anaandika nini miaka hiyo: Maisha Yangu ilitoka 1949, Kusadikika 1951, Adili na Nduguze 1952. Ni mwandishi aliyezama katika swali la utu na maadili. Siti alimfaa sana: mtu duni kwa kuzaliwa, mkubwa kwa juhudi, mpole katika sifa, mcha Mungu. Safari ya namna hiyo kifani inataka kumalizikia kwenye kifo chema, kwa sababu hapo ndipo maadili yanapofungwa hesabu. Mwisho wa soko la santuri hauna fundisho la kimaadili. Huwezi kuwaambia vijana, "Kuweni wavumilivu ili kampuni zisiungane."

Simlaumu Shaaban Robert hata kidogo. Alifanya kazi ya utanzu wake, tena kabla mwingine hajaifikiria, na bila yeye tungekuwa tunapapasa. Ninaowalaumu ni sisi, tunaochukua kanuni ya kifani tukaigeuza kuwa ukweli wa kihistoria. Kumaliza kwa kifo ni uamuzi wa mwandishi. Sisi tunaunakili kama vile ni cheti cha daktari.

Watafiti wengine wameshaonyesha njia nyingine. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, aliwategemea sana wazee wa Unguja waliokumbuka zile nyimbo. Alichokipata ni mazungumzo ya Ng'ambo yaliyozizunguka nyimbo hizo: nani aliimbwa, kwa kosa gani, nani alicheka. Yaani alikwenda kwa hadhira. Na hadhira, miongo mingi baada ya kifo, ilikuwa bado inajua habari ambazo sahani haikuzibeba.

Pingamizi

Mwalimu mmoja wa somo letu, nilipomweleza hoja hii, alinipinga vizuri. Alisema msanii wa fasihi simulizi hastaafu. Jukwaa, pazia na onyesho la kuaga ni desturi za kizungu. Bibi anayesimulia hadithi hapandi jukwaani wala hashuki, anaacha tu siku anapokufa. Kwa hiyo kutumia tarehe ya kifo, kwake yeye, ni kuheshimu jadi yetu.

Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halinitoshi. Kwanza, linamchanganya bibi wa hadithi za jioni na manju wa hadharani. Wa pili ana uwanja, ana wapinzani, ana tunzo. Pili, linaficha sababu. Ukisema "hawastaafu", huulizi tena kwa nini mama mwenye nguvu zake anauza michembe badala ya kuimba. Unamwachia uzee lawama ambayo ni ya bei ya pamba. Na kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wengi wao wanaachishwa na ndoa, au na mume mpya asiyetaka mkewe aonekane uwanjani, au na dini mpya iliyoingia nyumbani. Historia ya wanawake katika sanaa zetu kwa sehemu kubwa ni historia ya kuachishwa. Tukikataa kuiuliza miisho, tumekubali kwamba walinyamaza wenyewe. Jarida la wanahabari wanawake lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 liliitwa Sauti ya Siti, na jina lile lilikuwa sahihi, maana swali la Siti ni swali la sauti: nani anaipa nafasi na nani anaizima.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Siti binti Saad alimaliza mara tatu kabla ya kufa au baada ya kufa, kutegemea unasimama na hadhira ipi. Kwa mnunuzi wa santuri alimaliza mnamo 1931, kwa sababu ya uchumi. Kwa wenye nafasi alififia pole pole, sinema ikichukua masikio yao. Kwa Ng'ambo hakumaliza, alirithiwa. Tarehe 8 Julai 1950 ni ya familia yake na ya Mungu wake. Haitoshi kuwa tarehe ya mhakiki.

Hii si hoja ya kukaa darasani tu. Nyimbo nyingi za Kisukuma zilikusanywa na watu kama Hans Cory, ambaye makaratasi yake yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Padri David Clement aliweka msingi wa makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza. Kazi hizo ni za thamani. Lakini mkusanyaji kwa kawaida hufika wakati ngoma inachezwa. Anayefika siku ngoma isipochezwa, akauliza imekwenda wapi, ni nadra. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni wa juzi, umeanzishwa 2012, na kabla ya hapo Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga. Kwa hiyo hata mahali pa kuitafutia historia ya manju wetu panahama ofisi.

Nina pendekezo dogo kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Fomu zetu za utafiti wa nyanjani zina nafasi ya jina, umri, kabila, na "ulijifunza kwa nani". Tuongeze mstari mmoja: "Uliacha lini, mbele ya nani, na kwa nini?" Mstari huo hautagharimu chuo hata shilingi. Mwezi Juni mbina zitaanza tena huko Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Wanaokwenda likizo Usukumani watawaona vijana wenye chatu katikati ya uwanja, na ni haki yao kuwarekodi. Lakini wakimaliza wapite na gulioni pia.